Maziko ya Dagaa Papa

Alhamisi, 12 Februari

Leo nimekutana na bahati yangu sokoni, mbele ya meza ya samaki. Ni mwanamke wa Kihispania, Dona Remedios, engenheira, yaani mhandisi, wa kampuni moja ya huko kwenye gesi, amepanga nyumba mtaa wa pili. Alikuwa anatafuta dagaa papa mmoja. Mmoja tu, mzima, mwenye sura nzuri. Muuza samaki akamwuliza ni wa kukaanga au wa kuchoma. Akajibu ni wa kuzika.

Soko zima likacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayetaka kumzika dagaa ana shida, na mwenye shida anahitaji msaidizi.

Nikamsogelea. Kwao ni Galisia, kaskazini ya Ureno, na Kireno chake kinaeleweka kuliko cha wakubwa wetu wa ofisini. Akanieleza yote. Kwao, kabla ya mfungo wao wa siku arubaini, watu hula mpaka wanashindwa kuinuka. Huvaa vinyago, wanaume hujifanya wanawake. Sikukuu ikiisha hubeba sardinha, dagaa kama huyu, kwenye jeneza, mji mzima humlilia, humzika. Ndiyo karnavali. Nikamwambia hiyo ni vunja jungu, sisi tunayo tangu mababu, na mfungo wetu mwaka huu unaingia wiki hiyo hiyo. Nikamwambia mimi ndiye mwandaaji mkuu wa vunja jungu hapa Palma. Cheo hicho hakikuwepo, lakini kuanzia leo kipo.

Karamu ni Jumanne mchana, maziko alasiri. Kwao samaki huzikwa Jumatano, ila Jumatano Dona ana kazi. Anataka sufuria kubwa, mpishi na waliaji. Na akasema jiko la kambi ya kampuni yao linatafuta msimamizi. Jumanne ikienda vizuri atalitaja jina langu.

Msimamizi! Mwenye crachá! Hapa Palma ukipita na kile kitambulisho cha plastiki kinaning'inia kifuani, hata mbuzi wanakupisha.

Shaweji alikuwa pale pale, kasimama nyuma ya tumbo lake. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya Ruvuma, duka lake linatazamana na nyumba yangu, ana friji mbili na dharau ya kujaza zote. Akajitolea kumwazima Dona jiko lake la gesi. Hakuombwa. Mtu huyu hana haya kabisa.

Ijumaa, 13 Februari

Sufuria. Mtaa huu una sufuria tatu tu zinazotosha karamu, na zote ziko uvunguni mwa kitanda changu. Si zangu. Ni za chama cha akina mama, na mtunzaji wake ni mke wangu Atija. Mfungo ukiingia hupikiwa futari ya msikitini kila siku mpaka Idi. Akina mama walimchagua Atija wakamwacha Zubaida, mke wa Shaweji, na tangu siku hiyo Zubaida anatuamkia kwa pua. Atija anazisugua sufuria zile kwa majivu mpaka unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu.

Kumwambia ukweli haikuwezekana. Nikasema kuna msiba. Nilitaka kusema ni kijijini Olumbi, nikakumbuka kwamba Olumbi ni kwao, anamjua kila aliye hai na kila anayekaribia kufa. Nikasema Diaca. Ndugu wa mbali, mtu mwema sana. Akauliza jina. Nikasema Virgílio. Sijui jina hilo lilitoka wapi. Akauliza tangu lini ukoo wetu una Virgílio. Nikasema ni kwa upande wa ndoa, alisilimu mwaka jana, ndiyo maana msiba wenyewe unauma.

Atija akainama kuzihesabu sufuria. Kisha akanipa sharti. Sufuria zirudi Jumanne kabla ya magharibi, safi, zote tatu, maana mwezi haumngoji mtu na yeye ameapa mbele ya wenzake. Zisiporudi hivyo, yeye mfungo anafungia kwa mama yake Olumbi, na mimi nifuturu ninavyojua mwenyewe.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Jumanne ni mbali.

Jumamosi, 14 Februari

Nimeenda kwa Dona kuonja vyakula. Cha kwanza kinaitwa filloa. Nilidhani pana ujuzi mkubwa. Ni chapati za maji! Unga, mayai, maziwa, chumvi, nyembamba mpaka unauona mkono wako upande wa pili. Nikamwambia mama yangu alikuwa anazipika kabla wao hawajapata kikaango. Nikala nne kwa asali. Tamu, siwezi kusema uongo. Nilipokuwa ninamalizia ya nne ndipo nikamwona anasugua kikaango kwa kipande cheupe kilichochomwa kwenye uma. Nikauliza ni nini. Akasema toucinho. Mafuta ya nguruwe, ndivyo walivyopika bibi zake.

Nikaomba ruhusa, nikatoka uani, nikasukutua mpaka pipa lake likaisha.

Alasiri nikaenda kwa Maalim Abdulswamad, imamu wetu. Nikamwuliza habari za mtu mmoja wa Tanzania aliyekula nguruwe bila kujua. Maalim akasema asiyejua hana dhambi, ila aoshe kila kilichoguswa na najisi ile mara saba, mara moja kwa maji ya udongo. Na vyombo kadhalika. Halafu akaniuliza kama huyo mtu wa Tanzania anakuja kusali isha, maana ana asali kwenye ndevu.

Nimeshapatana na Dona. Nguruwe wa karamu apikwe kwenye chombo chake yeye. Sufuria za Atija ni za mbuzi, dengu na wali. Na chapati za Waislamu zikaangwe kwa mafuta ya nazi. Akakubali papo hapo, hata akaniomba radhi. Mtu mstaarabu. Mambo yananyooka.

Jumapili, 15 Februari

Kurwa na wenzake wa kikundi cha ngoma ya tufo wamekubali kulia, malipo ni kula. Mazoezi tumefanyia uani kwangu, Atija akiwa shamba. Nikawaeleza kwamba Dona na Wahispania wenzake wanataka kilio cha mzaha. Kurwa akasema yeye hajui kilio cha mzaha, ama analia ama halii. Basi wakalia. Kilio cha kweli.

Kosa langu ni moja, na dogo. Sikufikiri kwamba kilio kinasikika nje. Haukupita muda, mtaa ulikuwa mlangoni. Wanaume na mikeka. Wanawake wamejitanda kapulana, wengine na mchele, wengine na unga na kuni vichwani. Shaweji mbele yao. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea marehemu kauli thabiti. Mtu anayeninyemelea crachá ananipa pole! Nikasema amina. Ningesema nini?

Kisha akatoa gari lake, bure, liwapeleke watu wote Diaca maziko. Nikasema hapana, msisumbuke, maiti inaletwa hapa hapa Palma, Jumanne. Hilo nalo sijui lilitoka wapi.

Atija akarudi kutoka shamba, akakuta msiba umejaa. Hakuuliza. Akaketi na wanawake, akamlilia Virgílio machozi ya kweli. Kaka yake Hamido alipotea mwaka ule tuliokimbia vita. Hakuna aliyemwona tena, hakuna aliyemzika. Tangu hapo Atija hakosi msiba wa mtu yeyote, hata wa mtu asiyemjua. Nilimtazama nikaona aibu. Nilitaka kumwambia yote, pale pale. Halafu nikautazama mchele. Mwingi, mweupe, wa daraja la kwanza. Na karamu ya Dona ilikuwa bado haina mchele.

Jumatatu, 16 Februari

Mpishi wa nguruwe ni Sebastião, Mmakonde wa bara, Mkristo, mtu wa maneno machache. Mguu wenyewe wa nguruwe umefika leo kwa chapa, basi dogo letu, umefungwa kwenye gunia la saruji, abiria wote wanautazama. Kwa Wahispania huu ndio mfalme wa karnavali. Unachemshwa mzima pamoja na viazi, soseji nyekundu na majani yao machungu ambayo hapa hayapo, wameridhika na matembele.

Tatizo likawa sufuria ya Dona. Ndogo. Mguu umesimama ndani, kwato juu, unatuaga. Dona akasema atatuma mtu kambini kuazima kubwa. Shaweji, aliyekuja ati kuangalia jiko lake la gesi, akasema dukani anayo kubwa, haijatumika, ataitoa na kumwachia Dona moja kwa moja.

Yaani jiko lake, sufuria yake, kesho crachá yake! Nikasema hakuna haja, mimi nimekwishajiandaa. Nikachukua sufuria moja ya Atija, nikaifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake, nikampa Sebastião. Moja tu. Mbili zinabaki safi. Ile ya uzi nitaiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyosema Maalim. Nani atajua? Jambo kama hili linataka alama tu.

Jumanne, 17 Februari

Ninaandika nikiwa peke yangu. Nianze asubuhi.

Uzi haupo. Sebastião alimaliza kupika, akaona kitu kichafu kwenye mkono wa sufuria, akakitupa. Kisha kwa wema wake akaziosha zote tatu, kwa beseni moja na dodoki moja, akazipanga. Zinang'aa. Hata Atija asingezitenganisha. Nikamwuliza ya nguruwe ni ipi. Akaziangalia kwa makini, akasema ni mojawapo ya hizi.

Basi zote tatu, mara saba saba. Mbuzi, dengu na wali nikaamua vipikwe kwenye vyungu vya kuazima. Nikaanza kuosha mwenyewe. Ya kwanza nilimaliza vizuri. Ya pili nilifika mara ya tano au ya sita, pikipiki ikapita, hesabu ikapotea, nikaanza upya. Pipa likakauka. Kisimani foleni. Na Dona ananiita, wageni wamekaa. Nikamwachia Sebastião, nikamwambia kila moja saba, mara moja kwa udongo. Akauliza sababu. Nikamwambia ndiyo mapokeo ya karnavali.

Karamu ilikuwa nzuri, nitashuhudia. Wahispania walikula ule mguu, wakala soseji, wakala matembele, wakala filloa na vile vikaangwa vyao vyenye umbo la sikio, vya sukari juu, ndugu wa visheti vyetu. Mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alivaa wigi na kapulana na rangi ya midomo. Dona alivaa nyeusi tupu, yeye ndiye mjane wa dagaa. Hakuna aliyeweza kuinuka. Sawasawa na sisi siku ya vunja jungu, tofauti ni wigi.

Sasa jeneza. Sebastião alilitengeneza kwa mbao za kreti, refu kama mkono, na mipini minne mirefu ili livutie. Nikamlaza dagaa. Nikaona pamepwaya, nikamfunika kitambaa cha kijani. Kilikuwa kizuri mno.

Njia fupi ya kwenda pwani inapita nyuma. Mimi nikachagua ya mbele, ipitayo dukani kwa Shaweji. Nilitaka anione ninaongoza.

Wahispania kwa shibe wakabaki nyuma. Kwa hiyo kilichoonekana mtaani ni jeneza, kitambaa cha kijani, mimi, na Kurwa na wenzake wanalia kile kilio chao cha kweli. Na mtaa ulikuwa unamsubiri Virgílio tangu adhuhuri. Wanaume wakainuka barazani wote kwa pamoja. Shaweji akatoka mbio dukani, akashika mpini wa mbele. Wengine wakapokezana, kila mtu anataka thawabu zake. Mmoja akasema mbona jepesi. Nikasema marehemu aliugua sana, alikonda. Akasema na mbona fupi. Nikasema alikonda pande zote.

Maalim akatokea, akatembea kando yangu. Akauliza kwa upole kama maiti imeoshwa. Nikasema ndiyo. Akauliza imeoshwa kwa kitu gani. Nilikuwa nimechoka, nikajibu kweli. Nikasema kwa ndimu.

Hapo Wahispania wakatufikia. Yule wa wigi mbele, anajipiga kifua, anamwita sardinha kwa jina. Watu wakasimama. Na mlangoni kwangu akatoka Atija na wanawake wenzake, ana chetezo cha ubani mkononi. Akaja moja kwa moja kwenye jeneza. Akainua kitambaa upande wa kichwani.

Akamtazama dagaa. Dagaa akamtazama. Kurwa akaendelea kulia, kwa sababu sikuwa nimemwambia aache.

Atija hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja, sufuria zake ziko wapi. Nikasema zinaoshwa. Akauliza na nani. Nikasema Sebastião. Akauliza zinaoshwa mara ngapi. Wanaume walikuwa wananitazama, na Maalim alikuwa ananitazama, nikajua anamfikiria yule mtu wa Tanzania. Nikasema mara saba.

Zubaida, kwa sauti ya chini ambayo mtaa mzima uliisikia, akasema sufuria ya mbuzi huoshwa mara moja.

Yaliyofuata nayafupisha. Shaweji akagundua alichokuwa amekishika, akakiachia. Wahispania wakaokota dagaa wao, wakaenda kumzika pwani kwa furaha. Dona alipiga makofi mpaka mwisho, akasema hata kwao hajaona maziko yenye uchungu wa namna hii. Akina mama wakazifuata sufuria kwa Dona, wakazipeleka kisimani, wakaziosha upya, Zubaida anahesabu kwa sauti. Sasa ziko uvunguni mwake. Kabla ya magharibi Atija alikuwa na mzigo kichwani, anangoja chapa ya Olumbi.

Nilimfuata mpaka barabarani. Sikukuta hasira, hasira ningeiweza. Akasema siku tatu alikuwa anajiambia, huyu wa Diaca angalau tutamwona anaingia kaburini. Gari likaja. Akapanda.

Jumatano, 18 Februari

Waliofuata Maka wameanza kufunga leo. Sisi wa mwezi wa kuona tunaanza kesho. Nyumba kimya.

Asubuhi nilivaa shati la kola, nikaenda kwa Dona kuulizia jina langu. Akanipokea vizuri, akanipa filloa mbili za mafuta ya nazi. Kisha akasema nafasi amekwishampendekezea Shaweji. Ati alimwona jinsi alivyokimbia kulishika jeneza, mbele ya wote, bila kuambiwa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kusimamia watu. Nikamwambia yule alidhani anabeba mtu. Dona akacheka sana, akasema hapo ndipo uigizaji wake ulipomshinda kila mtu.

Shaweji amepita mchana. Crachá bado hajapewa, ila kifua amekwishakitoa.

Nimempa dereva wa chapa, Ussumane, tende na maneno mazuri ampelekee Atija. Amerudi jioni na tende zote. Atija anasema harudi kwa tende, harudi kwa maneno, na nisitume mtu mwingine.

Alhamisi, 19 Februari

Futari ya kwanza. Muhogo uliopoa na maji. Kutoka ng'ambo ya barabara ilikuwa inakuja harufu ya uji wa pilipili manga, unachemka kwenye sufuria za Atija, na Zubaida anawaelekeza watu pa kukaa. Nilikula nikiwa nimegeukia ukuta. Nampenda mke wangu. Nilikuwa sijawahi kuliandika hili, leo nimeliandika.

Baada ya tarawehe nimekaa nikatafuta kosa langu. Ilinichukua muda, lakini nimeliona. Kosa ni maiti. Dagaa ni mdogo mno, na Virgílio hakuna aliyemjua. Msiba unataka marehemu mwenye jina, mwenye nyumba, mwenye mke. Hapo ndipo tulipokosea.

Sasa nimepanga kama mtu mzima. Jumamosi habari zitafika Olumbi kwamba nimefariki. Atija harudi kwa tende wala kwa maneno, lakini msiba hakosi, sembuse wa mumewe. Kurwa ananidai chakula cha Jumanne, amekubali kulia tena akipewa vyote kwa pamoja. Sebastião ana mbao zilizobaki, nimemwambia safari hii apime vizuri.

Na uzuri wa mpango huu umo kwenye sheria yenyewe. Mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe, miezi minne na siku kumi, haruhusiwi kulala kwa mama yake. Hakuna wa kumrudisha Olumbi, hata Maalim hatakubali. Mfungo mzima, Idi, mpaka karibu Julai, Atija atakuwa hapa hapa, anapika. Na mimi nitakuwa humo humo ndani, nasubiri adhana ya magharibi.